Wimbo Wangu Uingie Sinema

Jumatano, 16 Julai

Alhamdulillahi. Leo nimepata bahati ambayo sikuitafuta. Namshukuru Mungu kwanza, halafu Iqbal, maana nisingekwenda dukani kwake kuchaji simu nisingekutana na yule binti.

Anaitwa Hadiya. Katoka Dar. Ni mwongozaji wa filamu, timu yake imefikia hapa hapa Igogo, na alikuwa kwa Iqbal ananunua mabeseni ya kuigizia. Kaniamkia shikamoo kwa heshima zote. Filamu ni ya mama muuza dagaa anayemsomesha bintiye, kisha binti anaondoka. Picha ya mwisho wanaipigia ufukweni, dagaa wakianikwa. Picha anayo, waigizaji anao. Wimbo hana.

Kasema nyimbo kubwa za redioni zina wenyewe, na wenyewe wanataka asichokuwa nacho. Nyimbo za kutungiwa zinatoka kama tangazo la sabuni. Anautaka wimbo ambao watu wa hapa tayari wanaujua, ukilia sinemani mdomo wa mtu unacheza wenyewe.

Nikamwambia upo. Unaitwa "Nimekuja na Mwavuli". Nimeutunga mimi. Mwanza nzima inaujua.

Iqbal akakohoa.

Nikamwimbia pale pale mstari wa kwanza: "Nimekuja na mwavuli, mvua imenitangulia." Kaurekodi kwenye simu. Kasema Alhamisi ijayo atapita mitaani mwenyewe, atauanzisha huo mstari kwa watu atakaokutana nao, aone wangapi wanaumalizia. Wakiumalizia, wimbo unaingia filamuni. Ijumaa ndiyo wanapiga picha ya mwisho.

Sasa humu ndani niseme kweli. Mwanza nzima haiujui. Niliutunga nilipokuwa namposa Mwaija. Nilimwendea na mwavuli wa kuazima, ukagoma kufunguka, nikafika kwao nimelowa huku nimeushika mkononi. Tangu hapo bendi yetu inaupiga harusini, lakini sikuzote pilau linapogawiwa, na mtu mwenye mfupa mkononi hasikilizi gitaa.

Lakini nilimwahidi Mwaija kwamba siku moja wimbo wake utasikilizwa na watu waliokaa kwenye viti, wametulia, wamekuja kwa ajili hiyo. Alicheka. Dagaa wake ndio wamelisha gitaa langu miaka yote hii. Nina miaka hamsini na minne, vidole asubuhi vinakaza. Huu usipoingia, hakuna mwingine utakaoingia.

Nimemwambia habari yote. Akafungua mdomo aseme kitu. Nikamwambia asijisumbue, haya ni mambo ya sanaa, apumzike, kesho ana dagaa. Akanitazama, kisha akanipakulia ugali. Namshukuru kwa ugali.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango wa kwanza: spika ya Iqbal. Ipo juu ya mlango wa duka, inatangaza bei tangu asubuhi, na kila anayekwenda sokoni lazima aisikie. Nilimwomba aweke wimbo wangu katikati ya matangazo. Iqbal alisema nitamuulia biashara. Halafu akakubali. Moyo wa dhahabu.

Kasoro moja. Matangazo yanajiweka yenyewe, na hakuna ajuaye kuyazima isipokuwa mpwa wake aliye Nairobi. Kwa hiyo mimi naimba nimekuja na mwavuli, sauti ya mwanamke inadakia kwamba ndoo zote zimeshuka bei. Naimba mvua imenitangulia, anadakia kwamba mabeseni mapya yameingia.

Jioni watoto wa mtaani kwetu walikuwa wanauimba. Wote! Niliposogea nikasikia wanaimba habari za mabeseni. Kwa sauti yangu, lakini mabeseni.

Hata hivyo sauti wameishika. Nashukuru.

Ijumaa, 18 Julai

Nimetoka msikitini na moyo mweupe. Nje nimemkuta Chenge, ukachafuka.

Chenge anapiga kinanda harusini. Miwani ya jua haivui hata ndani ya ukumbi. Kinanda chake kinapiga ngoma, filimbi na makofi bila yeye kugusa kitu, yeye kazi yake kutabasamu. Watu wanamwita mara mbili kuliko bendi yetu.

Kaniuliza kwa upole kama nimesikia kuna filamu. Nikamwambia sijasikia. Akasema yeye amesikia, amemtembelea binti Hadiya, amemweleza kwamba ana wimbo unaojulikana Mwanza, Geita, Shinyanga na sehemu ya Kagera. Binti kamwambia sawa, atauliza nyimbo zote mbili Alhamisi.

Sehemu ya Kagera!

Namshukuru Chenge kwa kunifumbua macho. Mtu mwingine angenificha.

Jumamosi, 19 Julai

Stendi ya Buzuruga. Nilimfuata Nestory, mpiga debe, kijana wa watu, tuliwahi kukaa nyumba moja ya kupanga. Wazo langu: badala ya kupiga kelele za Misungwi Misungwi, wapiga debe waimbe wimbo wangu na kuingiza Misungwi mwishoni mwa mstari. Watu wa pande zote wanapita stendi. Wangeusambaza bure.

Nestory alisema mzee, hebu tujaribu. Wakaimba vijana wanne, mimi na gitaa mbele.

Wimbo wangu ni wa taratibu. Hilo sikulifikiria. Abiria walianza kutupisha njia. Mzee mmoja akavua kofia, akaisogeza kifuani, akauliza kwa sauti ya chini marehemu alikuwa nani na anazikwa Misungwi sehemu gani. Mama mwingine akaanza kuchangisha rambirambi. Nestory akaniambia kwa heshima kwamba basi halijai, watu wanaogopa kupanda na msiba.

Rambirambi tulizirudisha zote. Yule mzee nilimshukuru kwa kuguswa. Kofia hakuirudisha kichwani mpaka nilipoondoka.

Jumatatu, 21 Julai

Redio. Kipindi cha salamu, saa nne asubuhi. Msikilizaji anapiga simu, anasalimia ndugu zake, anaomba wimbo. Nikapiga kama Masalu wa Kisesa, nikaomba "Nimekuja na Mwavuli". Nikapiga tena kama Nathaniel wa Magu. Halafu kama bibi Tereza wa Sengerema, kwa sauti nyembamba.

Mtangazaji akasema, hewani, kwamba anamshukuru sana bibi Tereza, na anamwomba akamwone daktari kwa hicho kifua. Pia akasema wimbo huo hawana. Kwa kuwa wasikilizaji wengi wanauulizia na haupo, akawapigia mwingine wa mwanamuziki wa hapa hapa nyumbani.

Chenge. Nyimbo mbili mfululizo.

Mwaija alirudi kutoka ufukweni, ana magamba ya dagaa mpaka kwenye nyusi. Akaniuliza mbona nimekaa na simu gizani. Akasema Baba Yasmin, njoo basi siku moja kule kwetu, utoke. Nimemwambia anajua kabisa siendi, chumvi ya dagaa na harufu vinaharibu nyuzi za gitaa. Tangu tuoane sijawahi kukanyaga pale anapofanyia kazi, kwa sababu ya nyuzi tu. Akasema sawa. Akanikanda vidole kwa mafuta ya moto. Sina cha kumlipa mwanamke huyu isipokuwa filamu.

Jumatano, 23 Julai

Nimetulia, nimefikiri. Kosa langu ni kutaka watu wote waujue. Hadiya hatauliza watu wote. Atauliza watakaokuwa njiani.

Kwa hiyo watakaokuwa njiani niwaweke mimi.

Nimekusanya wazee wa kijiweni na majirani, watu kumi na kidogo. Kila mmoja nimemwahidi soda na kumfundisha kumalizia mstari: ukisikia nimekuja na mwavuli, wewe unajibu mvua imenitangulia. Rahisi. Mzee Malimi kauliza atawatambuaje wenzake asije akakaa sehemu moja nao. Swali zuri. Nimemwomba Iqbal miavuli, akaniazima mipya na karatasi zake za bei, kasema nisiichafue. Kila mtu na mwavuli wake, wasimame mbali mbali kutoka ufukweni hadi barabara kubwa.

Namshukuru Iqbal. Nawashukuru wazee wangu. Kesho.

Alhamisi, 24 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Julai hii mvua haijulikani hata jina. Jua la saa tano linachoma, na njia nzima ya Igogo imejaa wazee waliosimama mmoja mmoja chini ya miavuli mipya yenye karatasi za bei. Nilijificha nyuma ya kibanda cha mkaa. Niliiona kasoro hiyo nikiwa tayari nimejificha.

Hadiya akatokea. Akamfikia wa kwanza, akamwamkia shikamoo. Yule akajibu mvua imenitangulia.

Akaenda kwa wa pili. Kabla hajafungua mdomo, wa pili akaimba. Mzee Malimi yeye aliuimba wote mpaka mwisho, kisha akamuuliza binti soda zinatolewa wapi.

Na hapo kati kulikuwa na watu wamevaa miwani ya jua. Watu wa Chenge! Na wao walikuwa wamepangwa njia ile ile. Mmoja wangu na mmoja wake walikuwa wanagombania kivuli cha mwembe wa nyumba moja, kila mmoja anaimba wimbo wake kwa hasira.

Hadiya alicheka hadi akakaa juu ya jiwe. Mimi na Chenge tukajitokeza, kila mtu na upande wake. Hakutufokea. Alitushukuru wote wawili, akasema hajawahi kukaribishwa hivyo mji wowote. Lakini wimbo basi. Picha ya mwisho itakuwa na sauti ya maji tu.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Mwaija kwamba nimeshindwa. Sikutia chumvi. Nilimwambia ahadi yake nimeivunja, anisamehe. Kusema kweli nililia. Akasema pole, Baba Yasmin. Akasema kesho akina Hadiya wanapigia picha pale wanapoanika wao, usiku hakuna mwezi kwa hiyo dagaa ni wengi, nije nimsaidie kubeba beseni.

Nilikubali kwa sababu nampenda. Pia kwa sababu, nikiwa kule, gitaa naweza kulificha ndani ya beseni.

Ijumaa, 25 Julai

Ufukweni tangu alfajiri. Dagaa wametandazwa kwenye nyavu mpaka kwenye mawe, fedha tupu. Wanawake wengi, sikujua ni wengi hivi. Nikamshushia Mwaija beseni, nikajibanza nyuma ya jiwe kubwa na gitaa.

Mwigizaji akasimama akitazama ziwa. Kimya. Nikaanza kupiga, polepole sana, kama upepo.

Yupo dada anaitwa Rose, ndiye mtu wa sauti, ana hedifoni kubwa masikioni. Akainua mkono. Akasema ziwani kuna gitaa.

Walinikuta. Hadiya aliniletea chai ya maziwa na kunikalisha karibu na Rose, mahali ninapoonekana. Chai ilikuwa nzuri. Chenge naye alikuwa amekalishwa hapo hapo na chai yake, kinanda miguuni. Walimkuta kabla yangu, ndani ya mtumbwi.

Wakarudia. Injini ya boti ikaharibu. Wakarudia. Upepo. Mara ya tatu kukatulia, na wanawake nyuma wakaanza kugeuza dagaa. Rose akainua tena mkono ili asimamishe, nikajitetea kwa ishara kwamba si mimi. Mkono wake ukabaki juu. Kisha akaushusha taratibu, akafumba macho.

Mwaija alikuwa ameinama, anageuza dagaa, anaimba. Kwa sauti ya mtu asiyejua kama anaimba. Nimekuja na mwavuli. Mwanamke wa pembeni yake, Paskazia, akaumalizia bila hata kuinua kichwa. Halafu wa mbele. Halafu ufukwe wote.

Waliuimba wote! Na hawakuishia kwangu. Wana beti ambazo sikuzitunga. Ubeti wa wingu lililotoka Ukerewe dagaa wakiwa bado wabichi. Ubeti wa mume aliyelala mvua inanyesha. Niliwahi kudhani ni wimbo wa kijana aliyelowa. Kumbe kwa mtu mwenye dagaa juani, mvua iliyomtangulia ni habari ya chakula cha watoto. Ulikuwa wimbo mkubwa kuliko mimi.

Hadiya aliiacha kamera ikirekodi mpaka walipomaliza. Akauliza wimbo wa nani. Paskazia akasema hauna mwenyewe, ni wa hapa, aliukuta alipokuja kutoka Ukerewe. Nikasimama nikasema ni wangu. Wakacheka wote. Paskazia akasema, "Shemeji, kaa unywe chai."

Akasimama Chenge. Adui yangu. Akavua miwani, nikaona macho yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka, yamechoka kama yangu. Akasema ni kweli kautunga huyu Shaibu, akaninyooshea kidole; yeye alikuwepo, na aliniambia siku hiyo hiyo kwamba haufai. Akasema anaomba radhi kwa kauli ile ya kutofaa. Nilimshika mkono.

Hadiya akatoa karatasi ya mwenye wimbo kuweka saini, akanielekea. Ndipo Mwaija akanyoosha mgongo. Akasema kwa utulivu, "Kautunga yeye. Lakini si wake. Ni wangu, ni mahari yangu."

Na mimi nikakumbuka.

Siku ya kuposa sikuwa na kitu. Mjomba wake alimuuliza anataka mahari gani, akajibu msahafu na ule wimbo. Sheikh akasema wimbo haukabidhiki. Mjomba akasema basi akabidhi tuone. Nikauimba mbele ya wanaume wa ukoo mzima, bila gitaa. Mashahidi wakasema wamesikia, wamepokea. Yeye akaichukua mahari yake, akaenda nayo kazini kila siku, akawagawia wenzake. Na mimi wiki nzima nimezunguka mjini na mali ya mke wangu bila kumuuliza.

Alifuta mikono kwenye khanga, akaweka saini. Aliomba kitu kimoja. Jina la mtunzi liandikwe, lisomeke, na gitaa lake lisikike.

Nililia mbele ya watu. Paskazia alisema ni chumvi. Nikamshukuru kwa kusema hivyo.

Jumamosi, 26 Julai

Iqbal alifunga duka mchana, akawasha televisheni kubwa ya dukani. Hadiya na Rose walitaka tuone kipande chetu kabla hawajaondoka. Wanawake wa ufukweni walikaa juu ya ndoo zilizogeuzwa. Kwa Mwaija tulileta kiti. Akasema na mimi niletewe, kwa sababu wimbo uliahidiwa watu waliokaa kwenye viti.

Mama anatazama ziwa, binti ameshaondoka. Sauti ya Mwaija inaingia, peke yake, kisha ufukwe wote unaungana naye. Mwishoni kabisa gitaa langu, kidogo tu. Halafu maandishi: umetungwa na Shaibu. Chini yake: mali ya Mwaija. Hakuna aliyepiga makofi, walikuwa wanaimba.

Mwaija alinishika mkono mbele ya wote. Sijawahi kushukuru namna hii. Nashukuru kwa mwavuli uliogoma, kwa pilau, kwa watoto wa mabeseni, kwa Chenge, kwa kila asubuhi aliyotoka nyumbani na wimbo mdomoni mimi nikiwa nimelala. Namshukuru Mungu aliyenipa mke anayetunza vitu.

Jumatatu, 28 Julai

Nimefikiri kwa kina. Mafanikio yameletwa na maandalizi. Spika, stendi, redio, miavuli. Wanawake walikuwa wanaujua, sikatai, lakini mimi ndiye niliyeuchemsha. Mwaija anasema sasa nipumzike, nimefika. Nilimshukuru kwa ushauri.

Wimbo mpya nimeutunga jana. Huu sijampa mtu yeyote kwa mahari.

Nestory kanipigia asubuhi. Misungwi kumeingia timu ya filamu, kubwa kuliko ya Hadiya. Vizibao vya njano, kamera juu ya miguu mitatu, mmoja anachungulia, mwingine amesimama mbali barabarani ameshika fimbo ndefu yenye rangi nyekundu na nyeupe. Nilipanda gari la kwanza.

Ni kweli tupu. Nilimweleza mkubwa wao kwamba ninao wimbo ambao Misungwi nzima inaujua. Kasema wanapima barabara. Nikamkonyeza, maana wenye filamu wanaogopa kuibiwa hadithi. Nilimshukuru kwa kuniamini, nikamwambia kesho narudi na gitaa na watu wangu.

Yule mwenye fimbo nilimwimbia ubeti wote wa kwanza, usoni. Hakutikisika hata jicho. Waigizaji wa namna ile siku hizi hawapatikani.